Fimbo ya Sajini kwenye Meza ya Pili

Kitabu changu kilikwisha kabla hakijapata jina. Ssalongo, mpiga chapa wetu hapa Wandegeya, alikuwa amepanga kurasa zote, amekunywa chai yangu ya kutosha, na kila asubuhi alinipigia simu.

"Hajjati, kila kitu tayari. Kava tu. Kava inangoja jina. Mimi mapacha yangu walipata majina siku moja, wote wawili!"

Nilimjibu kwamba mapacha wa Buganda huzaliwa majina yao yakiwa yanawangoja mlangoni, kwa hiyo asijisifu. Na mimi si Hajjati. Watu wananiita hivyo kwa sababu ya mtandio na umri, lakini Maka nimeiona kwenye kalenda tu.

Ninyi mnaobaki na funguo za ukumbi ndio mlionisukuma kuandika. Mlitaka mjue meza inatunzwaje, mgomvi anatulizwaje, na kwa nini ile fimbo nyeusi imetundikwa juu ya meza ya pili. Nimeyaandika yote. Jina ndilo lililonishinda, na sababu yake ni baba yangu.

Baba ni sajini mstaafu wa polisi. Tangu siku niliyoanza kazi kwenye ukumbi wa pool, amekuwa akiwaambia wazee wenzake kwamba binti yake Zaituni anauza mbao. Sasa kitabu kingetoka na jina langu juu yake. Ama Baba angekishika mbele ya wazee wale, ama angekisukuma chini ya godoro. Nilitaka akishike. Sikutaka kingine, na sioni aibu kusema hivyo.

Nianze na siku ya kwanza. Nilifika nimevaa gauni la Idi, kwa kuwa niliambiwa kuna kazi ukumbini, na kwetu Wanubi ukumbi ni mahali pa harusi. Nilikuta chumba kirefu, meza za kijani, na miguu ya mtu imetokeza chini ya meza ya kwanza. Nikajikalisha ukingoni mwa meza nimngoje mwenye miguu.

"Toka hapo! Hiyo ni kitanda ya mama yako?"

Huyo alikuwa Fundi Okello. Alitoka chini ya meza, akanitazama mimi na gauni langu, akanipa pima maji nishike, akarudi chini. Usaili wa kazi ulikuwa ndio huo. Alikuwa Mwacholi aliyejifunza useremala jeshini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini kama changu, kwa hiyo tuliaminiana upesi. Lile gauni halikupona. Grisi ya meza haitoki kwenye hariri, hata mkiambiwa nini na wauza sabuni.

Fundi alinifundisha kazi kwa kunikataza. Usiamini pima maji peke yake. Usiweke karatasi chini ya mguu wa meza, karatasi inakunywa maji ya kudeki na kesho meza inaegemea kilima cha Mulago. Weka kipande cha kandambili kuukuu. Usipige brashi kwenda na kurudi, piga upande mmoja tu, kama unavyomlaza paka manyoya. Pasi iwe vuguvugu. Kitambaa kikichanika hata kidogo, kishone leo, maana usipoziba ufa utajenga ukuta, na kitambaa cha meza hakinunuliwi kama leso. Ncha mpya ya fimbo ya kuchezea ukishaigundisha, iache ikauke. Mwanafunzi wa chuo atakuja na uso wa huruma, "Nnyabo, bambi, imekauka," naye ameigusa kwa kidole kimoja. Haijakauka.

Kujua kama meza imekaa sawa, Fundi alikuwa akiusukuma mpira mweupe polepole, polepole kabisa, kisha anainama na kuungoja ufe. "Ukiupiga kwa nguvu," alisema, "hata mteremko ya Mulago itaonekana sawa. Mpira ikichoka ndiyo inasema kweli." Mpira ukisimama bila kupinda, alinyanyuka, akashika kiuno, akasema neno moja: "Imekaa." Nilimsikia akilisema neno hilo kwa miaka mingi, na hadi leo siwezi kuondoka kwenye meza bila kulisema.

Ukumbi wetu una desturi moja ambayo si ya kila mahali. Kwenye pool, mshindi hubaki mezani na anayefuata huja kumvaa. Kumbi nyingine, anayetaka kufuata huweka sarafu ukingoni mwa meza kushika zamu. Fundi alizipiga marufuku sarafu, kwa sababu sarafu zote zina uso mmoja na kila mtu huapa kuwa ile ni yake. "Weka kitu ambayo mama yako anaweza kuijua," aliwaambia. Basi wakaweka funguo, kofia, vitambulisho vya chuo, pete. Na sheria ikawa hii: kilicho ukingoni kinaondolewa na mwenyewe tu, na zamu yake haifi hata akienda wapi. Kijana mmoja aliwahi kuweka rolex, ile chapati yenye mayai, akaenda kujibu simu. Alirudi akakuta zamu ipo, rolex haipo. Hatukuandika sheria ya chakula, lakini tulielewana.

Mara moja tu nilimwona Fundi akiivunja sheria yake. Mwanamume alikuja kutoka hospitali ya Mulago, mkewe yuko kwenye uchungu, wakunga wamemfukuza mlangoni kwa sababu ya maswali yake. Mkononi alikuwa na beseni jipya la plastiki la kumwogeshea mtoto. Hakujua pool wala hakujali, alitaka tu mahali pa kusimama. Akaliweka beseni ukingoni. Wachezaji wakatazamana, kisha wakasogea, maana kitu kimewekwa. Zamu yake ilipofika tukampa fimbo, akawa anapiga mipira ovyo huku machozi yanamtoka, na hakuna aliyecheka. Simu ikalia. Ni msichana! Akatoka mbio, fimbo yetu mkononi, beseni lake mezani.

Kila mtu akamtazama Fundi. Beseni halikuwa letu kuligusa.

"Mnangoja nini?" akafoka. "Huyo mtoto ataoga kwa kofia?"

Wachezaji wawili walimkimbilia na beseni hadi kwenye lango la hospitali, wakarudi na fimbo. Nakwambieni, nimependa kazi hii kwa siku za namna hiyo.

Sasa nije kwa Baba. Nilimweleza siku ileile ya kwanza, jioni, tukila gurusa, chapati yetu nyembamba ya Kinubi, na chai pale kambi ya polisi tulikoishi. Kazi yake wakati ule ilikuwa pamoja na kuwakamata vijana wanaocheza pool saa za kazi. Kila mtu kambini alijua mtoto wa kila mtu yuko wapi, na yeye ndiye aliyekuwa akisimama gwarideni kuwasomea askari amri ya msako. Alitafuna kwa muda mrefu.

"Hizo meza," akauliza, "zimetengenezwa na nini?"

"Mbao, Baba. Na jiwe ndani."

"Basi ni mbao," akasema, akaomba chai nyingine. Kesho yake kambi nzima ilijua nimepata kazi kwenye duka la mbao Wandegeya. Jirani mmoja alinisumbua sana, akitaka nimpunguzie bei ya mlango.

Msako ulitufikia siku moja asubuhi. Nilisikia buti ngazini, kisha sauti niliyoijua tangu nizaliwe.

"Mtu yote simama! Saa ine asubuhi nyinyi iko kucheza? Nchi itajenga nani?"

Wanafunzi waliganda. Baba aliingia na fimbo yake ya usajini kwapani, ile nyeusi yenye kichwa cha shaba, na askari nyuma yake. Akatembea kati ya meza akiwanyooshea kidole mmoja mmoja. Alipofika meza ya pili akanikuta mimi, pembetatu ya kupangia mipira mkononi. Nadhani alijua nafanya kazi ukumbi wa Wandegeya, lakini Wandegeya ina kumbi nyingi na alikuwa ameniombea niwe kwenye mwingine. Jasho lilimtoka. Akaiweka fimbo ukingoni mwa meza ili atoe kitambaa ajifute uso.

Askari kijana akanishika mkono. "Afande, na huyu?"

"Huyu wacha," akasema Baba, bila kunitazama. "Huyu hapana cheza. Huyu iko kazini."

Lingeishia hapo, lakini mwanafunzi mmoja aliyekuwa tayari kwenye foleni ya kukamatwa aliiona ile fimbo. Mazoea yana nguvu kuliko woga.

"Banange, Afande ameweka!" akapaza sauti. "Afande ndiye anafuata!"

Ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko, hata askari wawili walishindwa kujizuia. Baba akawatazama, akatazama meza, akaelewa kwamba amefanya jambo, hakuelewa ni jambo gani. Akageuka akatoka haraka. Askari hawakujua wafanye nini bila yeye, wakamfuata. Hakuna aliyepanda gari la polisi siku hiyo. Fimbo ilibaki ukingoni.

Tulisimama tukiitazama kama nyoka. Nilitaka kuichukua nimpelekee nyumbani. Fundi akanizuia.

"Sheria ni sheria. Mwenyewe ataiondoa."

Nilimweleza Baba jioni ile kwamba fimbo yake ipo. "Fimbo gani?" akasema. Alikuwa na nyingine, sijui aliitoa wapi kwa haraka ile. "Fimbo yangu ni hii." Nikajua mlango umefungwa. Kwake, kuidai fimbo kungekuwa kukiri mahali alipoiacha.

Baada ya siku kadhaa Fundi alipigilia misumari ukutani juu ya meza ya pili, akaitundika ile fimbo, akatangaza: zamu ya Sajini haijafa, wengine wote kwenye meza hii wanaazima tu. Wachezaji wakalipokea kwa furaha. Mtu kabla hajavunja mipira ya kwanza, aliigusa fimbo na kusema, "Afande, ruhusa." Ilianza kama utani, ikawa desturi. Waliohitimu waliwafundisha walioingia, na hao wengine hawakujua tena Sajini ni nani. Wengine walidhani ni mchezaji bingwa aliyekufa. Mimi nilikuwa naipangusa vumbi kila asubuhi na kunyamaza. Watoto wa watu walikuwa wakimwomba baba yangu ruhusa mchana kutwa, na yeye kule kambini bado alikuwa akiuza mbao zangu.

Miaka ikaenda. Fundi Okello alirudi kwao Kaskazini akiwa mgonjwa, na huko akatangulia mbele ya haki. Pima maji yake aliniachia mimi. Nikawa mimi ndiye miguu inayotokeza chini ya meza, na wasichana wapya ndio waliokuja na magauni mazuri. Zilikuja simu zenye michezo ndani, ukumbi ukapungua watu, kisha wakarudi, maana simu haikuchekei ukikosa. Magoti yangu ndiyo hayakurudi. Nikamkabidhi Nakato, mmoja wa wasichana hao, funguo, nikaanza kuandika.

Majina ya kitabu yalikuja mengi kutoka kwenu, na ninawashukuru kwa kiasi. Nakato alipendekeza "Malkia wa Meza," naye anajua kwamba katika maisha yangu yote nimewashinda wale tu waliokuwa wanataka kuazima kitu kwangu. Mimi nilikuwa nalipenda "Huyu Yuko Kazini." Nikaandika matatu kwenye kipande cha karatasi, nikapanda kwenda Kyambogo, ambako Baba anaishi na dada yangu tangu atoke kambini. Nilimkuta barazani anapiga viatu rangi. Hana pa kwenda, lakini viatu vinang'aa kila siku.

"Soma," akasema.

"'Maisha ya Mezani.'"

"Watadhani ni kitabu ya chakula."

"'Malkia wa Meza.'"

"Malkia? Bibi yako alikuwa anachota maji kwa kichwa."

"'Huyu Yuko Kazini. Miaka Yangu kwenye Ukumbi wa Pool.'"

Brashi ikasimama. Alijua maneno yale yalitoka wapi. Nilimwona anajua.

"Hiyo neno ya mwisho," akasema taratibu, "ni lazima ikae juu? Watu watauliza. Hapana iko jina ingine? Yenye mbao kidogo?"

Hapo niliwaka. Sijawahi kumpandishia Baba sauti, na siku ile niliipandisha hadi dada yangu akatoka jikoni. "Baba, mimi sijauza ubao hata mmoja! Nimefanya kazi moja maisha yangu yote, nimeifanya vizuri, na hujawahi kuitaja kwa jina!"

Baba akachukua kiatu cha pili akaendelea kupiga rangi. Niliondoka bila kumaliza chai, nikalia ndani ya teksi ya abiria wengi hadi kondakta akanisamehe nauli iliyopungua.

Siku chache baadaye nilikuwa ukumbini asubuhi, nikimwonyesha Nakato jinsi ya kuvuta kitambaa kipya. Kwenye meza ya pili kijana wa chuo alikuwa tayari kuvunja. Akainua mkono, akaigusa fimbo ukutani.

"Afande, ruhusa."

"Hapana ruhusa."

Sauti ilitoka mlangoni, na ilikuwa ileile ya gwarideni, imechakaa kidogo tu. Baba alikuwa amesimama pale, koti kubwa kuliko mwili siku hizi, viatu vinang'aa. Sijui alikuwa amesimama muda gani akiwasikiliza.

"Zamu hiyo ni yangu," akasema.

Kijana akanigeukia. "Hajjati, huyu mzee ni nani?"

Nakato akaniwahi kumjibu mzee, kwa heshima, akionyesha funguo na kofia zilizopangwa mezani. "Mzee wangu, pole, kuna watu wameweka."

Baba akanyoosha kidevu kuelekea ukutani. "Mimi niliweka mbele."

Mtu mmoja akanong'ona, "Ndiye mwenye fimbo," na kijana akampa Baba fimbo ya kuchezea kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mahari. Lakini Baba kwanza aliishusha ile ya kwake. Akaigeuza, akapitisha kidole kwenye kichwa cha shaba, akakitazama kidole.

"Nani anaipangusa?"

"Mimi, Baba."

Akaizunguka meza kama anakagua gwaride. Akauchukua mpira mweupe, akausukuma kwa mkono polepole, akainama. Sote tuliungoja. Ulienda ukachoka, ukasimama bila kupinda.

"Iko sawa," akasema. "Nani alipanga?"

"Ni mimi."

Akaitikia kwa kichwa, akaanza kucheza. Wallahi alicheza vibaya. Fimbo aliishika kama bunduki, na mpira mweupe ulizama shimoni zaidi ya mingine yote. Katikati ya mchezo simu yake ikalia, na Baba, kama wazee wote, huzungumza na simu kwa sauti ya kutosha watu wa Mulago. Aliyepiga, mwenye sauti kama yake, alikuwa mmoja wa wale wazee wa kambini.

"Uko wapi, Sajini?"

"Wandegeya. Kwa kazi ya Zaituni."

"Aa, kwa mbao! Basi niulizie bei ya..."

"Mbao gani?" Baba akafoka. "Hapa hakuna mbao! Ni pool! Mtoto yangu ndiyo mkubwa ya hapa, watu yote inamheshimu, na mimi niko kwa zamu. Usinisumbue!"

Akakata simu, akainama, akakosa tena. Mimi nilikuwa nimeugeukia ukuta, mtandio machoni, na sikujali nani anaona. Nakato alikuwa tayari amempigia Ssalongo.

"Andika: 'Hapa Hakuna Mbao,'" nikamsikia akisema. Nikasikia na Ssalongo akiuliza kama kitabu ni cha pool ama cha maseremala. Nikaichukua simu nikamwambia apige chapa.

Baba alishindwa vibaya, akampa kijana mkono, akafunga vifungo vya koti. Nilimsindikiza hadi mlangoni. Nilipogeuka nikaona fimbo yake nyeusi iko ukingoni mwa meza ya pili, imenyooshwa sawasawa, nyuma ya funguo na kofia za watu.

"Baba!" nikamwita. Alikuwa ameshaanza kushuka ngazi. "Umesahau fimbo!"

Hakugeuka.

"Sijasahau," akasema.